Mkulima wa Uchina na Daftari Lake

Watu wengi watakao kuijua Uchina ya leo huanza kwa kutazama vitu vinavyong'aa: majumba marefu ya Shanghai, treni ziendazo kasi, bandari zenye makasha yaliyopangwa kama matofali. Mimi nitakuomba, msomaji, uanze mahali pengine kabisa. Nitakuomba utazame daftari dogo ambalo kila nyumba nchini humo hulihifadhi pamoja na vyeti vingine vya thamani. Ndani yake yameandikwa majina ya watu wa nyumba, siku na mahali walipozaliwa, habari za ndoa zao, na mahali ambapo serikali inapahesabu kuwa ndipo kwao. Kwa Kichina utaratibu huu huitwa hukou. Siasa za Uchina, jamii yake na uchumi wake zimekutana ndani ya kurasa chache za daftari hilo, na mtu akilielewa hilo hapotei njia kwa urahisi katika mengine.

Labda utauliza: daftari la majina lina ajabu gani? Kila serikali huandikisha watu wake. Ni kweli, na hata katika Uchina desturi ya kuandika watu nyumba kwa nyumba ni ya kale sana, maana wafalme waliihitaji kwa kutoza kodi na kukusanya askari. Lakini daftari ninalolisema lilifanya kazi nyingine. Liliwagawa watu wa taifa moja katika mafungu mawili, watu wa shamba na watu wa mji, kisha likaweka kati yao mpaka ambao kwa muda wa miaka ishirini ilikuwa shida kubwa kuuvuka.

Tuanze na asili ya mambo. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza mjini Beijing kuwa Jamhuri ya Watu wa Uchina imezaliwa. Chama chake cha Kikomunisti kilikuwa kimeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu za wakulima, waliokipa askari, chakula na wachukuzi. Hesabu ya watu ya mwaka 1953 ilionyesha kuwa nchi ina watu karibu milioni 583, na sehemu kubwa sana yao waliishi kwa jembe. Kwa sheria ya mwaka 1950 mashamba ya makabaila yalichukuliwa yakagawiwa wakulima wapatao milioni 300. Kazi hiyo haikufanywa kwa upole. Makabaila, pamoja na wengi walioitwa makabaila bila ya kuwa hivyo, walisimamishwa mbele ya mikutano ya vijiji, na mamia ya maelfu waliuawa. Wako wanahistoria wahesabuo zaidi ya milioni moja. Hata hivyo mkulima maskini alipata shamba aliloweza kuliita lake, na neno hilo hakulisahau.

Wala hakukaa nalo sana. Viongozi walitaka viwanda vya chuma, vya mashine na vya silaha, nao walivitaka upesi. Mitambo na mafundi walitoka Urusi ya Kisovieti, na mitambo hailipwi kwa shukrani. Uchina haikuwa na fedha za kigeni. Ilikuwa na nafaka. Basi mwaka 1953 serikali ilijifanya mnunuzi wa pekee wa nafaka, kwa bei ya chini iliyoipanga yenyewe, na vitu vya viwandani ikamwuzia mkulima kwa bei ya juu. Mkulima aliuza rahisi akanunua ghali, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyojenga viwanda. Kukusanya nafaka kwa mamilioni ya nyumba zilizotawanyika ni kazi ngumu, basi mwaka 1955 na 1956 mashamba yaliingizwa katika vyama vya ushirika, na mwaka 1958 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa jumuiya kubwa za umma, ambamo watu waliamka kwa kengele, wakalima kwa makundi, wakapewa alama za kazi badala ya mavuno yao.

Sasa jiweke mahali pa mkulima huyo. Unasikia kuwa mjini mtu hupata mshahara kila mwezi, hupewa nyumba, hutibiwa, na akizeeka hulipwa. Utafanya nini? Utafunga mzigo wako uende mjini. Ndivyo mamilioni walivyofanya, na serikali ikaona hatari mbili kwa pamoja: midomo ya kulishwa mjini inazidi, na mikono ya kulima inapungua. Katiba ya mwaka 1954, katika kifungu cha 90, ilikuwa imewaahidi raia uhuru wa kukaa na kuhamia watakako. Lakini tarehe 9 Januari 1958 ilitoka sheria ya kuandikisha nyumba, na kifungu chake cha 10 kilisema kwamba atakaye kuhama shamba kwenda mjini sharti awe na hati ya kazi kutoka idara ya kazi ya mji, au hati ya kukubaliwa shuleni, au ruhusa ya ofisi ya uandikishaji ya mji ule. Ahadi ya katiba haikufutwa siku ile. Ilibaki imeandikwa, bila ya nguvu, kwa miaka kumi na saba, mpaka ilipoachwa kimya kimya katika katiba ya 1975. Na katiba ya 1982 haikuirudisha.

Sheria peke yake haimzuii mtu mwenye haja. Iliyoipa sheria hii nguvu ilikuwa chakula. Tangu mwaka 1955 nafaka mjini ilinunuliwa kwa kuponi, na kuponi zilipewa wale tu ambao madaftari yao yalikuwa ya mji. Mtu aliyetoroka shamba angeweza kusimama mbele ya duka na fedha mkononi, asiuziwe hata kibaba kimoja cha mchele. Askari hakuhitaji kumkimbiza. Njaa yenyewe ilimrudisha kwao. Kuponi hizo hazikuondoka kabisa mpaka mwaka 1993.

Jambo moja katika utaratibu huu lastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu liliingia ndani ya nyumba za watu. Hadi mwaka 1998 mtoto alirithi daftari la mama yake. Mfanya kazi wa Shanghai aliyeoa msichana wa shamba alijua kuwa mkewe hatapata kuponi za mji, na kwamba watoto wao watakuwa wakulima kwa sheria, ingawa baba yao hajapata kushika jembe. Kwa hiyo wanaume wa mjini waliogopa kuoa shamba, na wazazi wa shamba waliomba binti zao wapate waume wenye daftari la mji, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Katika nchi iliyotangaza kuwa matabaka yamekwisha, mtu alizaliwa na tabaka lake limeandikwa karatasini.

Mwaka ule ule wa 1958 Mao alianzisha harakati aliyoiita Hatua Kubwa Mbele. Wakulima waliondolewa mashambani wakajenga mabwawa na kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo. Wakuu wa wilaya, kwa kuogopa au kwa kutaka sifa, waliandika mavuno ambayo hayakuwapo. Na serikali ilichukua fungu lake kwa kufuata maandishi hayo ya uongo. Njaa iliyofuata, hasa kati ya 1959 na 1961, ni kubwa kupita zote zijulikanazo katika historia. Wataalamu hawakubaliani juu ya hesabu: wako wasemao milioni 15, wako wasemao milioni 45, na wengi hutaja karibu milioni 30. Waliokufa walikuwa zaidi watu wa shamba, yaani wale waliokilima chakula. Miji nayo ilipata dhiki, lakini ilikuwa na kuponi. Katika sehemu za Xinyang, jimboni Henan, njia zilizibwa ili wenye njaa wasitoke kwenda kuomba, kwa sababu ombaomba barabarani wangeonyesha kuwa taarifa za mavuno ni za uongo. Baadaye, ili kupunguza mzigo wa miji, watu wapatao milioni 20 waliokuwa wamechukuliwa kufanya kazi viwandani walirudishwa mashambani, na madaftari yao yakabadilishwa.

Nitapita upesi juu ya miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, iliyoanza 1966 ikaisha kwa kifo cha Mao mwaka 1976. Si kwamba ni haba ya mambo. Ni kwamba kitabu kizima hakiitoshi. Kwa habari yetu tukumbuke hili tu: vijana wa mjini zaidi ya milioni 16 walipelekwa vijijini, wakafunzwe na wakulima. Mmoja wao alikuwa Xi Jinping, ambaye leo ndiye mkuu wa nchi. Alifika katika kijiji cha Liangjiahe, jimboni Shaanxi, mwaka 1969, akakaa huko karibu miaka saba. Kwa vijana wale kupelekwa shamba kulikuwa adhabu au mafunzo. Kwa mtu aliyezaliwa pale palikuwa kwao tu, na hapakuwa na tarehe ya kuondoka.

Hapa twafika Fengyang, wilaya ya jimbo la Anhui, mahali penye umaskini wa tangu zamani. Ndipo alipotoka Zhu Yuanzhang, yatima aliyekuwa mtawa mwombaji, kisha akawa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming mwaka 1368. Lakini ufalme wake haukuwaondolea watu wa kwao desturi ya kutoka kwenda kuomba mavuno yanapokosekana. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji kidogo cha Xiaogang, watu wa nyumba kumi na nane walikutana usiku kwa siri. Walikubaliana kugawana mashamba ya jumuiya, kila nyumba ilime sehemu yake, itoe fungu la serikali, na kinachobaki kiwe chake. Walijua kuwa hilo ni kosa kubwa. Kwa hiyo walikubaliana pia kwamba wakuu wa kijiji wakifungwa au wakiuawa, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafike miaka kumi na minane. Kisha walitia alama za vidole gumba vyao.

Siku hizi Chama kinaipenda sana hadithi hii, nacho kimeipamba. Hati yenye alama zile imewekwa katika jumba la makumbusho la taifa, na wako walioshuku kama ndiyo ile ile. Wala Xiaogang hakikuwa kijiji cha kwanza: katika Anhui hiyo hiyo mashamba yaligawiwa nyumba kwa nyumba mwaka 1961, watu walipokuwa wakifa njaa, na mpango ukakatazwa baadaye. Tofauti ya 1978 ni kwamba safari hii hawakuadhibiwa. Katibu wa Chama wa jimbo, Wan Li, aliyaona mavuno yao akawaacha waendelee. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule wakuu wa Chama walikutana Beijing, katika mkutano ambao vitabu huutaja kuwa mwanzo wa matengenezo ya Deng Xiaoping. Lakini angalia jambo hili, msomaji: azimio la mkutano huo juu ya kilimo bado lilikataza kugawa mashamba kwa nyumba. Wakulima walitangulia, na Chama kikafuata nyuma. Mwaka 1984 karibu vijiji vyote vya Uchina vilikuwa vimefanya kama Xiaogang, na jumuiya za umma zikavunjwa. Mavuno ya nafaka, yaliyokuwa tani milioni 305 mwaka 1978, yalifika tani milioni 407 mwaka 1984. Udongo haukubadilika katika miaka hiyo sita, na watu walikuwa wale wale.

Mkulima akilima shamba lake kwa bidii humaliza kazi mapema. Ikaonekana ghafla kuwa vijijini muna mamilioni ya watu wasio na kazi ya kutosha. Wengi waliingia katika viwanda vidogo vya vijiji na miji midogo, ambavyo katikati ya miaka ya 1990 viliajiri zaidi ya watu milioni 100. Na tangu Oktoba 1984 serikali iliwaruhusu wakulima kuhamia miji midogo ya masoko, kwa sharti kwamba wajitafutie nafaka yao wenyewe. Mlango uliofungwa mwaka 1958 ulianza kufunguliwa, lakini haukufunguliwa wote. Mkulima aliruhusiwa kwenda kufanya kazi. Daftari lake lilibaki kijijini. Katika nusu hiyo ya mlango ndimo ulimopita utajiri wa Uchina ya sasa.

Mwaka 1980 maeneo manne ya pwani ya kusini yalitengwa kuwa maeneo maalum ya uchumi, ambamo matajiri wa nje waliweza kujenga viwanda: Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen. Shenzhen ilikuwa nchi ya mashamba na wavuvi mpakani mwa Hong Kong. Ilizungushiwa uzio wa waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, si kwa kuwazuia wageni, bali kwa kuwazuia Wachina wasioruhusiwa wasiingie, na vituo vya ukaguzi wa uzio ule havikufutwa rasmi hadi mwaka 2018. Hata hivyo watu waliingia. Walitoka Sichuan, Hunan, Henan na Anhui, wengi wao wasichana wa miaka kumi na saba au ishirini, wakiwa na kibali cha kukaa kwa muda. Walilala katika mabweni ya kiwanda, vitanda juu ya vitanda, wakafanya kazi saa kumi au kumi na mbili kwa siku, wakapeleka fedha nyumbani kila mwezi. Tarehe 19 Novemba 1993 moto uliteketeza kiwanda kimoja cha wanasesere mjini humo. Madirisha yalikuwa na nondo na milango mingine imefungwa, na wakafa wafanya kazi 87, karibu wote wanawake vijana. Mwaka uliofuata sheria ya kazi ilipitishwa. Kuandika sheria na kuifuata ni mambo mawili, lakini ni haki kusema kuwa iliandikwa.

Ikiwa umepata kununua viatu vya raba, redio au simu iliyotoka Uchina katika duka la Nairobi au Mombasa, huenda umeshika kazi ya mikono ya watu hao. Kwa nini bidhaa zao zilikuwa rahisi? Watu husema mshahara ulikuwa mdogo, na ndivyo, lakini hiyo ni sehemu tu ya jibu. Mfanya kazi akiwa na watoto, mji hujenga shule; akiugua, mji hutoa hospitali; akizeeka, mji humlipa. Mfanya kazi mwenye daftari la shamba hakuwa na dai juu ya vitu hivyo. Mji ulimpokea akiwa kijana mwenye nguvu, ukatumia miaka yake iliyo bora, na kijiji ndicho kilichomlea kabla ya hapo na kumpokea baada ya hapo. Gharama ya maisha ya mtu iligawanywa, na sehemu nzito ikabebwa na upande ulio maskini. Uchina ilipoingia Shirika la Biashara la Dunia mwezi wa Desemba 2001, ilikuwa na watu wengi wa namna hii kuliko wafanya kazi wote wa nchi nyingi zikijumlishwa. Kwa lugha yao huitwa nongmingong, yaani wakulima wafanya kazi, jina linalofaa mtu anayesimama na mguu mmoja kila upande.

Polisi waliweza kumkamata mtu wa shamba asiye na kibali, wakamweka kizuizini, wakamrudisha kwao kwa nguvu. Mwezi wa Machi 2003 kijana mmoja aliyehitimu chuo kikuu, fundi wa kubuni michoro, alikamatwa njiani mjini Guangzhou kwa kuwa hakuwa na karatasi zake, naye alipigwa akafa kizuizini. Gazeti la huko lilithubutu kuandika habari hiyo, wasomi wa sheria wakaandika barua, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kanuni za kuwakamata na kuwarudisha watu zikafutwa. Mambo ya namna hii huchanganya akili za wageni wanaodhani kuwa serikali ya Uchina haisikii neno. Husikia, lakini huchagua lini na la nani. Mwaka 1989, wanafunzi na wafanya kazi walipokusanyika katika uwanja wa Tiananmen wakidai uhuru wa kusema na kupigwa vita kwa rushwa, walijibiwa kwa jeshi usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni, na watu mamia kwa uchache waliuawa. Jambo hilo haliruhusiwi kutajwa hadharani nchini humo mpaka leo.

Wewe uliye mwanafunzi utaelewa upesi jambo hili linalofuata. Mtihani wa kuingia chuo kikuu katika Uchina, uitwao gaokao, hufanywa kila mwaka mwezi wa Juni, na kwa miaka mingi kila mtu alilazimika kuufanya katika jimbo la daftari lake. Vyuo vikuu vikubwa viko zaidi Beijing na Shanghai, navyo huwapa watoto wa miji hiyo nafasi nyingi kupita kiasi cha idadi yao. Fikiri basi habari ya mtoto aliyezaliwa Beijing, wazazi wake wakiwa waashi kutoka Henan. Amesoma Beijing tangu darasa la kwanza, husema kama watoto wa Beijing, na Henan huijua kwa ziara za mwaka mpya tu. Akifika miaka kumi na mitano hana budi kuwaacha wazazi wake, aende kukaa na bibi yake kijijini, asome kwa mtaala asiouzoea, kisha ashindane na mamia ya maelfu ya watoto wa jimbo lenye nafasi chache. Majimbo kadhaa yamelegeza masharti tangu mwaka 2013, lakini katika miji iliyo mikubwa kabisa masharti yangali mazito.

Wazazi wengi hawakungoja hadi hapo. Waliwaacha watoto kijijini tangu utotoni. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la Uchina lilikadiria kuwa watoto walioachwa nyuma namna hii ni milioni 61. Baba na mama huonekana mara moja kwa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya inapofika na treni zote za nchi kujaa watu warudio kwao. Sidhani kama kuna hesabu ya fedha inayoweza kuonyesha bei ya jambo hilo.

Je, kwa nini watu hawa hawakuasi? Watu wa nje wametabiri mara nyingi kuwa wataasi, na utabiri haukutimia. Sababu moja ni kwamba maisha yao kweli yalikuwa yakipanda. Benki ya Dunia huhesabu kuwa katika miaka arobaini watu karibu milioni 800 wa Uchina walitoka katika ufukara uliokithiri, na wengi wao walikuwa watu wa vijiji. Msichana aliyelala bwenini Shenzhen alimjengea mama yake nyumba ya matofali. Sababu nyingine ni shamba. Ardhi ya kijiji ni mali ya kijiji kizima. Mkulima hawezi kuiuza, lakini ana haki ya kuilima kwa mkataba wa miaka mingi, na haki hiyo hufuata daftari. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 2008, serikali ilitangaza mwanzoni mwa 2009 kuwa wafanya kazi wapatao milioni 20 wamepoteza kazi zao wakarudi vijijini. Katika nchi nyingine watu milioni 20 wasio na kazi wangejaa mitaa ya miji mikuu. Hawa walikwenda kulala katika nyumba zao na kula mchele wa mashamba yao. Daftari lililowanyima mji liliwawekea kijiji, na hii ndiyo sababu wengi wao wenyewe hawataki kulitoa hata wakipewa la mji.

Shamba hilo, kwa upande wake, ni chanzo cha ugomvi ulio mkubwa kupita wote. Kwa katiba ya 1982 ardhi ya mji ni ya serikali, na ardhi ya shamba ni ya kijiji. Mji ukipanuka, serikali ya mahali huichukua ardhi ya kijiji, humlipa mkulima (hadi mwaka 2019 ilikuwa kwa kufuata thamani ya mazao yake), kisha huuza haki ya kuitumia kwa wajenzi wa majumba kwa bei iliyo juu zaidi mara nyingi. Baada ya matengenezo ya kodi ya mwaka 1994, ambayo yalipeleka fungu kubwa Beijing, wakuu wa mahali walitegemea mapato haya kama mlevi ategemeavyo tembo. Mwaka 2011 watu wa Wukan, kijiji cha pwani ya Guangdong, waliwafukuza wakuu wao kwa sababu ya ardhi iliyouzwa. Jimbo liliafikiana nao, na mwezi wa Machi 2012 walipiga kura ya siri kumchagua mkuu wa kijiji, na dunia nzima ikaja kutazama. Mwaka 2016 mkuu yule yule alifungwa zaidi ya miaka mitatu kwa shtaka la rushwa. Wanakijiji walisema kuwa shtaka ni la kubuni, wakatawanywa na polisi. Kura za vijiji zingaliko kwa sheria, lakini katika kila kijiji katibu wa Chama ndiye mwenye neno. Chama hicho kina wanachama wapatao milioni 100, na Xi Jinping, aliyeshika ukatibu mkuu wake mwaka 2012, aliondolewa kikomo cha vipindi vya urais mwezi wa Machi 2018.

Serikali yake na ile iliyoitangulia zimefanya mengi kupunguza uzito wa mpaka. Kodi ya kilimo, iliyotozwa kwa namna mbalimbali tangu enzi za wafalme, ilifutwa tarehe 1 Januari 2006. Shule za vijijini ziliacha kutoza ada katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwa maneno mkulima na asiye mkulima yataondolewa katika madaftari, na mwaka 2019 miji yenye watu pungufu ya milioni 3 iliagizwa kuwafungulia watu mlango. Lakini miji ambayo watu wanaitamani hasa, Beijing, Shanghai na mfano wake, huwahesabia waombaji alama: elimu, kodi uliyolipa, miaka uliyokaa. Mpishi wa barabarani hazifikishi. Mwezi wa Novemba 2017 moto uliua watu 19 katika wilaya ya Daxing mjini Beijing, katika nyumba waliyopangisha watu waliotoka majimboni. Baadaye wakuu wa mji walibomoa nyumba za namna hiyo, na maelfu ya watu wakatolewa nje na vyombo vyao, baadhi kwa notisi ya siku chache, katika baridi ya kipupwe. Wengi wao walikuwa wapeleka vifurushi, wafagizi na wauza mboga, ambao mji hauwezi kukaa wiki moja bila ya kazi yao.

Mwaka 2023 watu 66 katika kila 100 wa Uchina walikaa mijini, lakini wenye daftari la mji hawakufika nusu ya watu wote. Wakulima wafanya kazi walikuwa karibu milioni 298. Nao hawazidi kuwa vijana: kwa wastani wana umri wa miaka 43, na karibu theluthi yao wamepita miaka hamsini. Sheria ya mtoto mmoja, iliyoanza 1980 ikalegezwa na kuachwa mwishoni mwa 2015, pamoja na gharama za kulea watoto, imeifanya idadi ya watu ianze kupungua tangu mwaka 2022. Viwanda ambavyo zamani vilichagua wasichana mlangoni sasa huwatafuta kwa matangazo. Miji ya kadiri huwaita wakulima waje na madaftari yao, nayo nyumba nyingi zilizojengwa hazina wakaaji, kwa sababu vijana wa shamba waliosoma huitaka Shenzhen au Shanghai, na wazee wao hutaka kurudi kwao.

Wazee hao wanarudi sasa. Ni wale wale waliojenga barabara na majumba ya miaka ya 1990. Mtumishi aliyestaafu mjini hupata kwa kawaida zaidi ya yuani 3,000 kwa mwezi. Mzee wa shamba, kwa hesabu ya mwaka 2023, hupata kiasi cha yuani 200 na kidogo. Iliyobaki huitoa katika shamba lake, au huletewa na mtoto aliye mbali, au hurudi mjini kutafuta kazi ya ulinzi na ya kufagia. Tangu mwaka 2021 na 2022 miji mingi imekataza watu waliopita miaka sitini kufanya kazi za ujenzi, kwa ajili ya usalama wao. Baadhi yao hupaka nywele rangi nyeusi kabla ya kwenda kuomba kazi.